Kompyuta kumpigia mtoto simu imuulize mambo ya afya yake, nyinyi mngekubali?

mama_gredi9 (Nakuru)

Wazazi wenzangu na wale wa afya humu ndani naombeni mawazo yenu maana nimekwama. Niko Nakuru upande wa Free Area, niko na msichana wa miaka 14 yuko gredi ya tisa. Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki moja ya hapa mtaani alikuwa na kikohozi kimekataa kuisha, sasa tukiwa kwa foleni ya dawa nikapewa fomu nisome niweke sahihi. Hiyo fomu inasema wanaanza kupigia simu watoto wa kuanzia miaka 12 mpaka 19, lakini si mtu anapiga, ni kompyuta. Sauti iliyorekodiwa inauliza mtoto maswali na yeye anajibu kwa kubonyeza namba, moja ndiyo, mbili hapana, kama vile ukipigia kastama kea. Halafu majibu yanaenda kliniki wanaangalia nani yuko kwa hatari ya nini.

Mifano ya maswali iko nyuma ya fomu. Kuna ya pombe na bangi, kuna ya kulala na kula, kuna ya mapenzi, kuna ya kama kuna mtu anamshika vibaya ama kumpiga nyumbani, na kuna moja ya kama amewahi kufikiria kujiumiza. Hiyo ya mwisho niliisoma pale kwa benchi nikairudia tena na tena.

Sikukataa hapo hapo na nitawaambia kwa nini. Kwa ploti yetu kuna kijana alilazwa mwaka jana baada ya kujaribu kujitoa uhai, kijana mpole, anasalimia watu kila asubuhi, mama yake tunaishi naye mlango kwa mlango na hakuna mtu alishuku kitu. Mungu ni mwema, alipona. Lakini tangu hiyo siku nikiona wangu amenyamaza sana roho yangu haitulii, nikimuuliza uko sawa ananiambia niko sawa mum, na hapo maneno yanaisha. Sasa kama kuna kitu kinaweza kumtoa neno ambalo mimi nimeshindwa kumtoa, mimi ni nani nikikatae?

Kinachonisumbua ni hivi. Simu yenyewe ni yangu, yeye hana yake, anaichukua jioni nikishafika nyumbani anafanya nayo homuweki. Tena hii nchi tumezoea namba usiyoijua ikipiga ni wale wakora wa Kamiti, matapeli wanaopiga simu wakiwa jela, mimi mwenyewe nimemfundisha asishike namba ngeni na asibonyeze chochote akiambiwa na mtu hamjui, sasa nimwambie hii moja ashike? Na tena mzazi haonyeshwi majibu. Nikauliza yule dada wa mapokezi haya majibu yanaonwa na nani, akaniambia yanaingia kwa sistemu. Nikamuuliza na mtoto akibonyeza ndiyo kwa hiyo ya kujiumiza nani anampigia, akasema ngoja ataniulizia. Mpaka leo.

Baba yake amesema hapana. Mimi sijaweka sahihi na fomu sijarudisha, iko kwa kabati. Mngekuwa nyinyi mngefanya aje? Na hii kitu imefanywa mahali pengine ikasaidia ama ni sisi tunajaribiwa?

---

sista_wa_vijana (Kisumu)

Mama pole kwa huo mzigo, na ulifanya vizuri kusoma mpaka nyuma ya fomu maana wazazi wengi wanaweka sahihi macho yakiwa kwa dirisha la dawa. Mimi ni nasi, yaani muuguzi, nahudumia vijana hapa Kisumu karibu na Kondele, haya mambo nayaona kila siku kwa hivyo nitaandika mrefu mnivumilie.

Shida ambayo hizo simu zinataka kutatua ni ya kweli kabisa. Kijana anakuja na mzazi wake, ana malaria ama kifua, mimi niko na dakika chache na foleni imefika nje. Nikimuuliza unakunywa pombe, kwanza anaangalia uso wa mama yake ndio anijibu, na jibu ni hapana. Nikimwomba mama atoke kidogo, huyo mtoto anaanza kuvuta mikono ya sweta mpaka inafunika vidole, anaangalia kama mlango umefungwa vizuri, na mara nyingi hapo ndio naambiwa kitu. Lakini si kila siku napata nafasi ya kumtoa mama, na si kila mtoto ataniambia hata tukibaki wawili, maana bado mimi ni mtu mzima, tena nasi, tena pengine nasali kanisa moja na shangazi yake. Ndio watu wakafikiria, aulizwe na kitu ambacho hakina uso.

Na si wewe wa kwanza kujaribiwa. Mwaka 1998 kulitoka utafiti Marekani kwa jarida la Science, vijana wa kiume wa miaka 15 mpaka 19, wengine walijaza maswali kwa karatasi, wengine wakavalishwa hedifoni wakasikia maswali kutoka kwa kompyuta wakajibu wenyewe. Wale wa kompyuta walikubali mambo mazito zaidi, ngono ya hatari, kujidunga madawa, kubeba silaha. Hata hapa kwetu Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walijaribu kompyuta za sauti na vijana, na matokeo ya huku hayakunyooka, kwa maswali mengine kompyuta ilitoa mengi na kwa mengine haikutoa. Kwa hivyo mtu akikuambia watoto huambia mashine ukweli wote usimwamini haraka.

Maswali pia mengi yana historia yake. Ya pombe na madawa yanayotumika sana ni yale ya CRAFFT, yalitengenezwa Boston kwa vijana wa miaka 12 mpaka 21, ni maswali sita na ukijibu ndiyo kwa mawili ama zaidi unaitwa mkae chini muongee. Moja linauliza kama umewahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu amelewa, ama wewe mwenyewe umeendesha ukiwa hivyo. Sasa huku kwetu ukiuliza gari ukaacha bodaboda si umekosa vijana wengi sana, lakini pia ukibadilisha swali ni lazima ulijaribu upya uone kama bado linapima kile kile. Ya huzuni kuna PHQ-2, ni maswali mawili tu kuhusu wiki mbili zilizopita, kama umepoteza hamu ya vitu na kama umekuwa na huzuni ama kukata tamaa, kila moja ina alama 0 mpaka 3, jumla ikifika 3 unaulizwa zaidi. Hiyo imepimwa hata hapa magharibi mwa Kenya na matokeo yakachapishwa 2009, lakini ilikuwa kwa watu wazima wanaoishi na HIV, na mtu mzima si mtoto wa gredi ya tisa.

Sasa hapa ndio nataka unisikize vizuri. Mtoto kubonyeza moja haimaanishi ni mgonjwa. Hayo maswali kazi yake ni kuonyesha nani wa kuongeleshwa kwanza, basi. Kule Marekani jopo la wataalamu wa mambo ya kuzuia magonjwa linashauri watoto wa miaka 12 mpaka 18 waulizwe kuhusu huzuni hata kama hawajalalamika, lakini linasema pia kuwe na mpango wa kumchunguza vizuri, kumtibu na kumfuatilia, na hiyo sehemu ya pili ndio watu huruka. Kompyuta itapigia watoto elfu moja siku moja na haitachoka. Kaunsela mmoja ataona wangapi? Ule uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa hapa Kenya uliotolewa 2022 ulipata kama watoto 44 kwa kila 100 wa miaka 10 mpaka 17 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili kwa mwaka uliotangulia. Kwa hivyo anayepiga hizo simu ajue wengi watajibu ndiyo, na awe amejipanga kabla ya simu ya kwanza kuita.

Kumuuliza mtoto umewahi kufikiria kujiumiza, akasema ndiyo, halafu kukawa kimya siku tatu, mimi naona ni vibaya kuliko kutomuuliza. Amepiga kelele na hakuna mtu amegeuka. Kwa hivyo lile swali ulimuuliza dada wa mapokezi ndilo swali lenyewe mama, usiweke sahihi mpaka lijibiwe na mtu anayehusika, si wa kukuulizia.

Na kabla ya hayo yote, mpe mtoto wako hizi namba leo leo. 116 ni ya watoto, ni bure mchana na usiku na anayeshika ni mtu. 1190 ni ya vijana, nayo ni bure. Ziandike hata nyuma ya kitabu.

---

fundi_wa_sauti (Eldoret)

Mimi kazi yangu ni kutengeneza hizi sistemu za sauti, si za hospitali, ni za sako na wakulima, lakini mtambo ni ule ule kwa hivyo wacha nieleze vile inafanya kazi ndio mama ajue cha kuuliza.

Kompyuta inakuwa na orodha ya namba, inapiga, mtu akishika inacheza rekodi ya kwanza. Kila kitufe ukibonyeza simu inatuma mlio wake, kompyuta inautambua inachagua rekodi inayofuata. Ni hivyo tu. Ndio maana inaingia hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, bila bando, bila apu, na mwenye hajui kusoma vizuri pia anajibu. Lugha kuongeza ni rahisi, Kiswahili, Dholuo, Kikalenjin, Kikuyu, Kibukusu, unarekodi tu upya. Anayepiga ni kompyuta kwa hivyo mtoto hakatwi kredo. Meseji ingekuwa rahisi kutuma lakini meseji inabaki kwa simu na baba anaifungua asubuhi.

Uzuri mkubwa ni kwamba mtoto hasemi neno. Mtu akikaa karibu anaona tu ameshika simu na anabonyeza. Lakini sasa jaribuni hivi, chukua simu ya tachi upigie kastama kea uiweke sikioni. Skrini inazima. Ukitaka kubonyeza unaitoa sikioni, unatafuta kile kibao cha namba, unabonyeza, unairudisha, unakuta swali limeshaanza kurudiwa. Mtoto akichoka na hiyo anaweka spika, na hapo swali la mapenzi linasikika mpaka jikoni. Hedifoni za waya za bei ya chini zinamaliza hiyo shida yote, na kwa kabambe unazima ule mlio wa vitufe. Mambo madogo hivyo lakini ndiyo yanaamua kama mtoto atajibu ukweli, na waandishi wa fomu hawayafikirii kwa sababu wao walijaribu sistemu wakiwa ofisini mlango umefungwa.

Ya wakora pia iko na dawa. Kliniki iwe na namba moja tu ya kupigia, wakupatie uiseve kwa jina ambalo mtoto anajua, na mtoto apewe namba ya siri pale pale kliniki ya kufungua maswali, akikosea simu inakata kwa heshima bila kutaja ni ya nini. Hivyo hata wewe ukishika kwa bahati mbaya husikii swali lake. Na kuwe na kitufe cha kusema kuna mtu karibu nipigieni baadaye. Simu ikikatika katikati isihesabiwe kama mtoto amejibu hapana, hilo nimeona kwa kazi yangu ya wakulima, netiweki ikipotea huko milimani ripoti inatoka safi kumbe watu hawakumaliza.

La muhimu kuliko yote, akibonyeza ndiyo kwa hiyo ya kujiumiza ama ya kudhulumiwa, simu isimwambie asante kwa majibu yako. Imuunganishe na mtu hapo hapo kabla hajakata. Kiufundi si kitu kigumu, ni kupitisha simu kwa laini ingine. Ugumu ni kuwa na mtu kwa hiyo laini, kwa hivyo kompyuta ipigwe marufuku kupiga saa ambazo hakuna mtu.

Kuhusu data, tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Habari za afya ni data nyeti. Ya mtoto inahitaji kibali cha mzazi ama mlezi na lazima iwe kwa manufaa ya mtoto, ingawa wanaotoa huduma ya ushauri nasaha ama ya kulinda watoto peke yake wameachiwa kwa hilo la kibali. Uko na haki ya kuambiwa data inaenda wapi na kutumiwa nini, na kuomba irekebishwe ama ifutwe ikiwa si ya kweli. Na iko kifungu cha 35, mtu asiamuliwe jambo kubwa na mashine peke yake. Kwa hivyo wakikuambia tu inaingia kwa sistemu, hiyo haijafika kiwango cha jibu kisheria. Uliza seva ni ya nani na nani ako na nywila.

---

baba_wa_wanne (Kakamega)

Mimi kwa heshima naunga mkono huyo baba aliyekataa. Mtoto wa miaka 14 unampigia simu unamuuliza mambo ya mapenzi na kujiumiza, si hapo ndio unampa wazo ambalo hakuwa nalo, wengine wetu tumelea watoto kwa kuwaficha hayo mambo mpaka wakue na wamekua vizuri. Na hii ya kusema mzazi asione majibu mimi siielewi kabisa, mtoto akikohoa ni mimi nalipa, akivunjika mkono ni mimi nalala naye wodini, lakini akiwa na shida ya ndani ya roho kompyuta ijue na mimi nisijue? Sijasema watu wa kliniki ni wabaya. Nasema mtoto ni wangu na nataka kuongea naye mimi, kama sijui kuongea naye basi nifundisheni mimi hayo maswali.

---

sista_wa_vijana (Kisumu)

Mzee wangu hiyo ya kufundishwa nimeipenda sana na tutaifanya, sikupingi. Lakini wacha nikujibu hilo la kumpa wazo maana naulizwa na wazazi kila mara. Limechunguzwa kwa miaka mingi, na kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumfanyi aanze kufikiria, wala hakuongezi hatari. Kwa wengi kunapunguza uzito kwa sababu alikuwa anadhani ni yeye peke yake duniani. Mtoto ambaye hana hilo wazo atabonyeza mbili aendelee na mambo yake.

Majibu pia hayafichwi kwa mzazi kabisa kabisa. Utaratibu mzuri ni mtoto anaambiwa kabla, haya yatabaki kati yako na nasi, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini ama kuna mtu anakuumiza, hapo lazima tuhusishe mtu mzima wa kukusaidia. Wakati mwingine huyo mtu mzima si mzazi, na unajua kwa nini nasema hivyo.

Na kuna woga mwingine ambao watu hawausemi. Kwa muda mrefu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, familia zilikuwa zinaleta mtoto hospitali zinadanganya ni ajali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Waambieni watoto hivyo, kwamba kusema si kosa.

---

kijana_wa_magharibi (Bungoma)

Mimi niko na miaka 19 kwa hivyo mnaniongelea mimi hapa, wacha na sisi tuseme.

Nikiwa kidato cha pili nilikuwa vibaya. Silali, sitaki chakula, namba darasani ilishuka mpaka mwalimu akadhani natoroka masomo. Mzee akanipeleka hospitali, daktari akaniuliza mzee akiwa amekaa hapo kando, kuna kitu inakusumbua kijana? Unatarajia nitasema nini. Nikasema ni tumbo, nikapewa dawa ya tumbo na ya minyoo tukarudi. Ningepigiwa simu usiku niko chini ya blanketi na kuna kitufe cha kusema siko sawa, nawaambia ukweli ningebonyeza. Kumwambia mtu kwa mdomo nisingeweza, sauti ingekataa kutoka.

Lakini mjue pia mkipiga tukiwa kwa genge mnaharibu. Simu ikiita tukiwa watano hapo kwa besi tutaibonyeza vyovyote, kila mtu anataka kujibu ya kwake, na siku ya pili mko na ripoti kijana fulani anavuta kila kitu. Pigeni saa ambayo mtu yuko peke yake, ama muacheni yeye ndio apige akiwa tayari, kompyuta ikate halafu impigie ili asitumie kredo yake.

Na kitu moja muhimu. Niambie kabla sijabonyeza nini kinafuata. Nani atasikia, atanipigia lini, atakuja nyumbani ama hatakuja. Ukiniuliza kwanza halafu uniambie baadaye kuna nasi wa kijiji anakuja kunitafuta kwa boma, hiyo ni kunishika kwa mtego na sitawahi kujibu simu ingine ya hospitali maisha yangu yote. Mwenye alinisaidia mwishowe ni binamu yangu, alikaa na mimi bila kuuliza kitu karibu likizo yote mpaka nikasema mwenyewe.

Baba wa wanne shikamoo, wewe endelea kuongea na wako. Lakini uwaachie na mlango mwingine.

---

mwalimu_wa_bweni (Vihiga)

Niongeze jambo la upande wetu. Watoto wa bweni hawana simu muhula mzima, shule haziruhusu, kwa hivyo mpango wa simu unawakuta likizo peke yake. Yule anayeumia mwezi wa pili atapigiwa Aprili. Kwa shule ya kutwa ni rahisi kidogo. Ningeomba hizo kliniki ziongee na walimu wa ushauri kabla ya kuanza, si kutupa majina ya watoto, hapana, ila tujue kuna kitu kinaendelea ndio mtoto akija kwangu Jumatatu akiwa amevurugika nisimwadhibu kwa kutomaliza kazi.

---

sista_wa_vijana (Kisumu)

Mwalimu umesema kweli. Na kuna wengine hata likizo haiwapati. Msichana aliyeacha shule akazaa, anaishi kwa mume ambaye ndiye mwenye simu. Wale wa fuo za samaki kutoka Dunga mpaka huko Usenge, laini inabadilishwa kila mwezi. Kijana wa bodaboda anashika simu ya kazi tu. Hao ndio wako kwa hatari zaidi na orodha ya kliniki haina namba zao. Simu isaidie pale inafika, lakini isitumike kama sababu ya kuondoa wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea kwa miguu, hilo nitapinga mahali popote nikiulizwa.

---

mama_gredi9 (Nakuru)

Asanteni wote, nimesoma kila neno mpaka nikamsomea baba yake, hiyo ya kijana wa Bungoma akaniambia nirudie. Leo tumeenda kliniki sisi wawili tukaomba kuona msimamizi mwenyewe.

Ametueleza vizuri kuliko fomu yake. Kuna kaunsela lakini anakuja Jumanne na Alhamisi peke yake, saa mbili mpaka saa kumi. Nikamuuliza na kompyuta inapiga lini, akaangalia karatasi zake akasema Jumamosi asubuhi, kwa sababu watoto wako nyumbani. Fundi nikakumbuka maneno yako. Nikamuuliza mtoto akibonyeza ndiyo Jumamosi, anangoja Jumanne? Akanyamaza kidogo, halafu akakubali hilo halikufikiriwa, alikuwa mkweli na nilimheshimu kwa hilo. Namba ya siri hawana lakini wanaweza kuweka. Seva ni ya kampuni waliyokodisha, ameahidi kutuonyesha mkataba unasema nini kuhusu majibu ya watoto.

Tumemwambia hatujakataa. Fomu itarudi na sahihi siku ikiandikwa kwamba simu zinapigwa siku za kaunsela peke yake na kwamba ndiyo kwa yale maswali mawili inaunganishwa na mtu hapo hapo. Baba yake ndiye alisema hivyo, si mimi.

Msichana nimempa fomu aisome yeye mwenyewe. Ameuliza kitu kimoja tu, nikibonyeza ndiyo mtajua? Nikamweleza vile sista ameandika, kwamba ya hatari ya maisha ama ya mtu kumuumiza lazima mtu mzima aambiwe, na mengine ni yake na nasi. Akasema sawa, akaenda na fomu chumbani.

Sasa sista naomba unisaidie na hii. Jumanne na Alhamisi yeye yuko shule mpaka jioni, na kaunsela anatoka saa kumi. Tutafanya aje?

---

sista_wa_vijana (Kisumu)

Ombeni ipigwe likizo ya Aprili, Jumanne saa nne asubuhi. Simu iachwe nyumbani siku hiyo, ama mtafute kabambe ya akiba uweke laini. Kama kliniki inataka muhula uendelee, wamlipe kaunsela abaki mpaka saa moja usiku hizo siku mbili, watoto wote wa shule za kutwa wako na shida hiyo hiyo si wako peke yake, na msimamizi akiona hivyo ataelewa. Hakikisha pia wameandika simu isiposhikwa wanajaribu tena mara ngapi, na wakikosa kabisa mhudumu gani anafuatilia. Wakikupa hiyo karatasi nitumie kwa inboksi nikusaidie kuisoma kabla baba hajaweka sahihi.